Madamu Aliyetufundisha Kuitika

Watu wa mtaa wetu wa Magarama, hapa Gitega, wakinisikia nikimsema Madamu vibaya, mmoja wao huniuliza kama si yeye aliyenifundisha kushika pasi. Ni yeye. Alinifundisha pasi, alinifundisha kuosha bilauri bila kuzigonganisha, alinifundisha maneno ya Kiarabu ya jikoni ambayo mpaka leo hunijia mdomoni kabla ya Kirundi. Sijasema hakunifundisha. Nasema alijua, na hilo ndilo linalonikaa kooni.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala kwa nani. Hakupenda kuulizwa. Tulichojua ni kwamba alikuwa Mkongomani wa upande wa Kivu, kwamba alifanya kazi za ndani Uarabuni miaka mingi, na kwamba aliporudi alipanga nyumba hapa Gitega, nyuma ya maduka ya vitenge, akaanza kufundisha wasichana waliotaka kwenda huko. Kampuni iliyotusafirisha ilitupeleka kwake kwanza. Wote tulimwita Madamu. Hata wanaume wa mtaa waliomzidi umri walimwita hivyo.

Alikuwa na mikono minene na miguu myembamba. Siku za kazi alivaa kitenge kipya, na siku ya kanisa alivaa kilichochakaa, kinyume cha watu wote. Alisema Mungu ameshamwona, ila sisi bado. Hakupaza sauti. Alipokasirika alishusha sauti mpaka ukalazimika kumsogelea ili umsikie, na ukishamsogelea ndipo ulipotamani ungebaki ulipokuwa.

Sebuleni kwake kulikuwa na mashine ya kufulia. Haikufua kitu. Haikuunganishwa na maji wala umeme, na ndani yake alihifadhi unga wa muhogo. Hapo ndipo tulipojifunzia. Mmoja wetu alibonyeza vitufe, na Madamu, akiwa amekaa nyuma, alituigizia sauti zake: sasa inavuta maji, sasa inazunguka, sasa imemaliza, toa nguo. Ukifungua mlango mapema, unga ukakurukia usoni, hakucheka.

"Hapa iko unga," alisema. "Huko itakuwa maji, na sakafu ya watu, na patroni wako, mwenye nyumba, nyuma yako. Anza tena."

Mimi alinipenda mapema, na sababu ilikuwa ulimi wangu. Wazazi wangu ni wakulima wa Gasorwe, mkoani Muyinga, lakini mimi nilikulia Tanzania, tukarudi nikiwa tayari najua kusoma. Kiswahili ndicho tulichozungumza nyumbani, na Kirundi nilikuwa nacho pia. Madamu alikuwa na Kirundi cha sokoni tu. Kwa hiyo wasichana waliotoka vilimani na wasiojua Kiswahili alinikabidhi. Yeye alisema, mimi nikatafsiri. Alikuwa akisema, "Spesi, wape," nami nawapa. Nikikumbuka maneno aliyoyapitisha mdomoni mwangu, nasikia joto la hasira mpaka masikioni.

Aliyekaa karibu nami zaidi ni Odeta, msichana wa Nyarusange, mrefu, mwenye aibu, aliyeficha meno kwa mkono akicheka. Hakuwahi kuona pasi ya umeme kabla ya hapo. Baada ya muda mfupi alikuwa akinyoosha shati kutuzidi sote, na Madamu alikuwa akilinyanyua shati la Odeta juu, akilizungusha mbele yetu bila kusema neno. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Lakini somo lake kubwa halikuwa nguo. Lilikuwa namna ya kuwa mtu mwingine.

"Salamu muache hapa," alituambia. "Huko haiko adabu, iko makosa. Baba wa nyumba akipita, we angalia chini. Usimupe mukono. Usimuulize watoto wameamuka namna gani. Wako watoto wake, anajua mwenyewe namna wameamuka."

Mtu wa Gasorwe anajua hilo lina uzito gani. Kwetu ukipishana na mtu kwenye njia ya shamba bila kumsalimu, jioni watakuja kuuliza mna ugomvi gani. Tuliambiwa tuwe watu wenye ugomvi na kila mtu, na tuuite heshima.

Neno hapana tulikatazwa kabisa. "Sema nimeelewa," alisema. "Hata kama hauelewe, sema nimeelewa. Utaelewa mbele." Tukasema nimeelewa kwa Kiarabu, asubuhi na jioni, kama watoto wa katekisimu. Kisha alikaa kwenye kiti chake kikubwa, akawa yeye ndiye mama wa nyumba, akagonga bilauri kwa kijiko na kutuita kwa majina yasiyo yetu. "Watakupatia jina ingine. Itika." Aliniita Rosa, akamwita Odeta Mina. Ukichelewa kuitika, unatoka hadi getini na kuingia upya. Odeta alitoka hadi getini siku moja mara nyingi hivi kwamba muuza maandazi wa nje akamuuliza anatafuta nini.

Na huyo huyo Madamu hakumwinamia mtu yeyote Gitega. Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa. Chefu, kiongozi wa mtaa, alikuja siku moja kuuliza kwa nini nyumba moja inalaza wasichana wengi kiasi hicho. Alikuja na sauti ya ofisini. Madamu alimwacha amesimama mlangoni, akamwambia sakafu imepigwa deki, avue viatu. Akavua. Akamwambia, kwa kuwa amesimama tu, amsaidie kuteremsha sufuria la maharage kutoka kwenye mbabula, maana makaa yamezidi. Akateremsha. Alipoondoka alisema asante, na mpaka leo sidhani kama anajua alikuwa akishukuru nini.

Siku nyingine mwanamume mmoja mwenye duka alimshika Odeta mkono barabarani, akamvuta, akicheka na wenzake. Odeta alirudi bila sukari aliyotumwa. Madamu aliuliza mara moja tu ni duka lipi. Akatoka na mwiko wa ugali, ungali na ugali, akamkuta yule bwana, akamshika mkono vilevile alivyomshika Odeta, akamtembeza barabara nzima hadi nyumbani kwake, akamkabidhi kwa mkewe. "Mama, mutunze kitu yako, imepotea." Hakumpiga. Watu walisimama milangoni. Kwa wiki nzima tulijiona tunakaa katika nyumba salama kuliko zote Burundi.

Basi alijua cha kufanya na watu wa aina hiyo. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke.

Siwezi pia kusema hakuwa na huruma, ingawa ingenirahisishia mambo. Odeta alipopata malaria, Madamu alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, mtu mrefu juu ya mtu mfupi, miguu ikiburuzika. Usiku alilala sakafuni kando yake. Alitupikia sombe, majani ya muhogo, kwa mawese mpaka tukapata mashavu. Alisema mtu anayekwenda kula wali wa wengine ashibe kwanza cha kwao. Kampuni ilimlipa kwa kila msichana aliyepanda ndege, tulilijua hilo, na hatukuona ubaya. Mwalimu naye ale.

Sasa nifike kwenye ile alasiri ya kola.

Tulikuwa tumemaliza kukunja mashuka, tukawa tunaanza kola za mashati. Madamu alikuwa na pasi mkononi. Kwa sauti ileile ya mashuka na kola, bila kuinua macho, alisema: "Ukipewa chumba, na mulango haina ufunguo, weka kiti. Mugongo ya kiti chini ya kitasa. Kila usiku. Bon. Sasa kola, munaanza ncha, munakuja katikati. Spesi, wape."

Nikawapa. Nilisema kwa Kirundi wazi kabisa: weka kiti mlangoni, mgongo wa kiti chini ya kitasa. Odeta aliniuliza kwa nini kiti. Nikamgeukia Madamu nikamuuliza.

"Juu ya usalama."

"Usalama wa nini, Madamu?"

"Spesi," alisema, "kola inaungua."

Kola haikuwa inaungua. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, niliiona. Tukaendelea.

Nyumba niliyopelekwa ilikuwa na ghorofa mbili na watu wengi kuliko vyumba. Mama wa nyumba hakuuliza jina langu. Aliniita kwa jina la msichana wa kabla yangu, na mimi nikaitika, haraka, vizuri, kama nilivyofundishwa. Niliangalia chini. Nilikula nimesimama. Nilisema nimeelewa kwa kila kitu, na kila niliposema nimeelewa kazi iliongezeka, kwa sababu mtu anayeelewa kila kitu hana pa kuishia. Kila alilosema Madamu kuhusu nyumba za huko lilikuwa kweli. Ukweli huo ulinitia woga kadiri siku zilivyokwenda, maana nilianza kujiuliza na lile la kiti je.

Chumba changu kilikuwa stoo ya mchele. Mlango haukuwa na ufunguo. Niliweka kiti. Mdogo wa baba wa nyumba, mtu mzima aliyekuwa akiniita kwa kupiga vidole, alijaribu mlango usiku, tena usiku mwingine. Kiti kilikwaruza sakafu lakini kilishika. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikikisukuma kwa mgongo, na nilikuwa nikimtaja Madamu, si kwa shukrani. Nilikuwa nikimuuliza kwa nini hukusema. Ungesema neno moja tu ningejua ninasubiri nini gizani.

Asubuhi mama wa nyumba alikuja akakichukua kile kiti. Aliniambia kinaharibu sakafu. Alinitazama machoni alipokuwa akisema hivyo, na nikaona kwamba naye anajua. Nyumba nzima ilijua. Madamu alijua kutoka Gitega, huyu alijua kutoka chumba cha pili, na mimi peke yangu ndiye niliyepaswa kusema nimeelewa.

Nilikaa chini. Palepale jikoni, kwenye vigae, na nikasema hapana. Nililisema kwa Kiarabu, na matamshi yalikuwa mabaya kwa sababu ndilo neno pekee ambalo hatukufanyia mazoezi. Waliniita, wakanifokea, wakaninyima chakula, mimi nikabaki nimekaa. Mwishowe walichoka, wakanirudisha ofisi ya kampuni kama mtu anavyorudisha blenda mbovu dukani. Nikapelekwa kwa bibi kizee mmoja mjane aliyekuwa na ufunguo katika kila mlango, pamoja na wangu. Nikamaliza mkataba kwake. Mimi nilipata bahati, na nakataa kuiita jina lingine.

Odeta hakupata. Yeye hakupewa hata stoo. Alilazwa kwenye koridoo, kati ya jiko na choo, mahali ambapo hakukuwa na mlango wowote wa kuwekea kiti. Aliruka kutoka kwenye baraza ya juu. Walimrudisha na mguu ulioungwa vibaya, na sasa yuko kwao Nyarusange. Analima akiwa amekaa, anajivuta kutoka tuta hadi tuta. Nikienda kumwona tunaongea habari za mbegu. Hacheki, kwa hiyo mkono hauendi tena mdomoni.

Ni yeye aliyenisimulia kwamba Madamu alifika huko. Alipanda kilima kwa miguu, na sukari na kitenge kichwani, peke yake. Mama yake Odeta alimzuia kwenye ua. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba humo ndani hakuna mtu anayeitwa Mina. Madamu akaweka mzigo chini, akakaa nje ya ua juani, kisha mvua ikaja, akabaki kwenye mvua hiyo hiyo. Jioni akaondoka. Kile kitenge hawakukigusa. Mbuzi ndio waliomalizana nacho.

Wanaonisikia wanadhani kisa hicho kitanilainisha. Hakinilainishi. Kukaa kwenye mvua ni rahisi kuliko kusema sentensi moja sebuleni kwako, kukavu, ukiwa na pasi mkononi.

Nami nilirudi na ugonjwa wangu. Nimeajiriwa kwenye mgahawa mdogo hapa Magarama, na miezi ya mwanzo patroni wangu, Mrundi mtaratibu, alikuwa akinitazama kama mtu aliyeokotwa njiani. Sikuwasalimu wateja. Niliangalia chini wakiniongelesha. Kwetu mhudumu akinyamaza hivyo, mteja hukirudisha chakula, anaogopa kimetiwa sumu. Nikiitwa na yeyote, hata mtoto, nilikimbia. Nilikula nimesimama kando ya sinki.

"Spesi," patroni aliniambia siku moja, "hapa watu hula wamekaa. Kaa."

Nikamjibu nimeelewa, nikabaki nimesimama. Alivuta benchi mwenyewe akalipangusa vumbi, na mimi nikalia mbele ya wateja kwa hasira, kwa sababu nilikwenda ugenini nikajifunza kazi za kule, na sasa nililazimika kujifunza upya namna ya kukaa chini katika mji ninaoufahamu.

Sikumtafuta Madamu. Nyumba yake nyuma ya maduka ya vitenge ilikuwa imepangishwa mtu mwingine, na nilisikia kwamba siku hizi anawafuata wasichana kwao, mikoani.

Msimu huu wa maharage nilikwenda Gasorwe kuwasaidia wazazi kuvuna. Siku ya soko mama aliniambia, kama habari ya kawaida tu, kwamba kuna mama Mkongomani anafundisha wasichana kwenye ukumbi wa kanisa, wanaokwenda Uarabuni. Niliweka ungo chini. Sikunawa hata mikono.

Alikuwa mbele ya mabenchi, akionyesha namna ya kukunja kitambaa cha meza. Alikuwa amekonda. Aliniona mlangoni, na uso wake haukubadilika.

"Spesi. Ingia." Kisha akawageukia wasichana. "Huyu iko mwanafunzi wangu. Muulize yeye. Alienda, akarudi muzima."

Nadhani ni lile neno muzima lililonisukuma. Nilikwenda mbele nikaanza kuongea, kwa Kirundi, nikiwatazama wao, si yeye. Nikawaambia habari za mlango na za kiti na ni nani aliyekuwa upande wa pili. Nikawaambia habari za koridoo la Odeta na baraza ya juu na mguu. Niliwaambia maana ya kila alichokuwa akiwafundisha, kimoja kimoja.

"Sema na Kiswahili," Madamu alisema nyuma yangu. "Na mi nisikie."

"Wewe ulishasikia zamani."

"Sema."

Nikasema upya kwa Kiswahili, sasa nikimtazama yeye. Alikuwa amekaa kwenye benchi, miongoni mwa wasichana, kitambaa cha meza mapajani. Nilipomaliza nilimuuliza kwa maneno yake mwenyewe, "Juu ya nini hukutuambia?"

"Ningesema, mungeenda?"

"Hapana."

"Na hapa mungekula nini?"

"Hilo halikuwa swali lako."

Alikunja kitambaa mara moja, akakikunjua. "Mi hakuna mwenye aliniambia hata ya kiti," alisema. "Ile nilijifunza mwenyewe. Nilijifunza nimeshachelewa."

Alilisema hilo mbele yao wote, kwa sauti yake ya chini, na wasichana wa nyuma wakainama mbele ili wasikie. Nilikuwa nimedhani kwamba siku nikilisikia hilo hasira itanitoka. Ilizidi. Mtu anayejua kwa kuhadithiwa anaweza kusahau kusema. Yeye hakuwa na kisingizio hicho. Alitoka ndani ya jambo lenyewe, akatutazama sisi tunaocheka na unga usoni, akasema kola inaungua.

"Mumesikia," aliwaambia. "Mwenye anataka kurudi kwao, arudi."

Baadhi waliinuka wakachukua vitenge vyao wakatoka, bila kutuaga, Madamu wala mimi. Wengine walibaki. Nilitegemea waondoke wote. Nilisimama pale nikiwatazama waliobaki kama mtu aliyepigwa kofi. Mmoja, mwembamba, mwenye udongo wa shambani miguuni kama mimi, aliinua mkono.

"Dada, tumesikia," alisema. "Lakini shamba la kwetu limegawanywa kwa kaka zangu, limekwisha. Mimi nitakwenda. Tuambie tufanyeje."

Nilimkasirikia naye. Niliwakasirikia kaka zake nisiowajua, na kampuni, na mama yangu aliyesema habari ile huku akipepeta maharage. Lakini yule msichana alikuwa anasubiri jibu.

"Simu mtanyang'anywa siku mtakayofika," nikasema. "Kwa hiyo msiandike kitu, karatasi nayo itachukuliwa. Namba yangu muishike kichwani, mtapiga kwa simu yoyote mtakayoazima. Ukisema hapana na ukahitaji mtu wa kusikia, mimi nitapokea saa yoyote, na nitapiga kelele hapa mpaka mtu asikie."

Nikaitaja namba. Wakairudia, wakakosea. Nikaitaja tena. Walikuwa wakiirudia kwa pamoja nilipoona midomo ya Madamu nayo inakwenda, pole pole, macho chini, akiishika namba yangu pamoja nao.

Nilimgeuzia mgongo. Nikawaambia wasichana, "Tena. Tangu mwanzo."